Madirisha Sita ya Mwene Katapa

Jumatatu, 1 Julai 1996

Upepo tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi, mwandiko unayumba. Naandikia chumba cha mafaili ya zamani, saa ya chakula, mlango nimeurudishia. Daftari hili linafanana na la kazi. Akiingia mtu atadhani nanakili kumbukumbu namba.

Orodha ya kupunguzwa kazini imefika. Au haijafika, iko Mbeya. Inategemea unamuuliza nani. Adriano wa masjala anasema jengo letu litatoa majina kumi. Alisema huku anacheka, lakini chai yake hakuimaliza.

Saa nne Bwana Adolfu, mkuu wa idara yetu, akaniita ofisini kwake. Nilijua ndiyo barua. Nilishika ukingo wa meza kabla hajanikaribisha kukaa. Kumbe ni kazi. Natakiwa nizunguke kuorodhesha majengo na maeneo ya kihistoria: boma la Wajerumani, malungu ya kuyeyushia chuma, nyumba za watemi wa zamani. Wawekezaji wanakuja na mkoa unataka kujua kipi kina wenyewe na kipi kimeachwa tu. Penye watu pasiguswe. Palipoachwa, apewe mwenye mpango napo.

Fomu ina kurasa mbili, maswali kumi na tisa. Amenichagua kwa ajili ya mwandiko. Halafu akasema, "Na wewe huna makosa, Otilia."

Mwaka mmoja na miezi minne kazini. Hakuna aliyeajiriwa baada yangu. Mama na wadogo zangu wawili wananiangalia mimi. Sina makosa. Nimelirudia hilo mpaka limepoteza maana.

Jumatano, 3 Julai

Malungu. Dereva wangu ni Ngeleja, Msukuma, mtani wetu Wafipa, anaongea njia nzima. Ameniuliza kama nimebeba radi yangu ndani ya mkoba au nimemwachia mama nyumbani, maana yeye hapandi gari moja na Mfipa bila kujua radi imekaa wapi. Nikamwambia ipo chini ya kiti chake. Akachungulia chini ya kiti. Nilicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Malungu yako katikati ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa. Minara ya udongo wa kichuguu, mirefu kuliko watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, na matundu chini kuizunguka. Mzee Kalisti alitupeleka. Baba yake aliyeyusha chuma hapo mpaka majembe ya dukani yalipofika. Amesema yalikuwa saba. Sasa matatu. Moja lina mbuzi ndani. Wa Kabula, mama wa Kisukuma aliyehamia hapo na familia yake na ng'ombe. Anasema mbuzi waliliingia wenyewe wakikimbia upepo, yeye hakuwatuma. Ngeleja akaongea naye Kisukuma, wakacheka wote wawili, nadhani walinicheka mimi na fomu yangu.

Swali la saba: Je, panakaliwa? Nilifikiri sana kuhusu mbuzi. Nikaandika Hapana.

Swali la nane: Jina la mwangalizi na alama ya kidole. Mzee Kalisti akasema yeye si mwangalizi, yeye anayaona tu. Mafunzoni tulikatazwa kuacha kisanduku kitupu, kwa sababu kisanduku kitupu mtu mwingine anaweza kukijazia. Kipigwe mstari. Nikapiga mstari, kwa rula.

Wakati wa kuagana aliniambia hivi, taratibu, bila hasira:

"Alikuja Mzungu akayaandika, yakiwa saba. Akaja kijana wa chama akayaandika, yakiwa matano. Sasa wewe, mwanangu. Mkishaandika huwa mnakwenda wapi?"

Nikasema shikamoo tena, kama mjinga, ilhali nilikwisha kumwamkia.

Alhamisi, 4 Julai

Kasanga. Tulitoka kabla ya jua, tukashuka na vumbi mpaka ziwani. Boma la Wajerumani ni kuta tu. Nimepima unene: hatua moja kamili. Wamejenga kama watu wanaokaa milele. Juu ya ukuta mmoja mtu ameanika dagaa. Nimetafuta mwenye dagaa nimuulize swali la nane, sikumpata. Panakaliwa: Hapana. Mwangalizi: mstari.

Kweli tupu, kila neno. Mbona moyo hautulii?

Tunalala Matai, kwa masista. Supu ya moto. Ngeleja anasema masista wamemkaribisha kuliko mimi kwa sababu uso wake hauna deni la maombi.

Ijumaa, 5 Julai

Chisanza, njiani kurudi. Nataka niandike hii vizuri, maana ni sehemu nzuri kuliko zote nilizoona.

Nyumba ya Mwene Katapa, mtemi wa zamani wa hapa. Matofali ya kuchoma, baraza la matao manne mbele, bati la zamani lililokuwa jekundu. Mafundi waliojenga kanisa la misheni ndio walioijenga, mwaka 1934, umechorwa juu ya mlango. Madirisha sita ya mbao, matatu kila upande. Yote wazi. Uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na sisi tukaikanyaga.

Anayefagia ni Bibi Epifania. Mdogo, mkavu, koti la kiume na kitenge, rozari shingoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtaja baba, nikamtaja babu. Akasema basi mimi ni mjukuu wake, akatuletea togwa ya ulezi. Ngeleja alikunywa vibuyu viwili akamwambia kwa ajili ya togwa hii amewasamehe Wafipa wote. Bibi akamjibu kwamba ng'ombe wa Wasukuma wamekula mahindi yake ya msimu mzima, kwa hiyo msamaha huo usubiri kwanza.

Mwene aliondolewa utawala pamoja na wenzake wote baada ya uhuru, akafia chumba cha nyuma mwaka 1971. Tangu hapo ndani halali mtu. Hauwashwi moto. Kiti chake kipo, ngozi ya chui imeliwa na mende, picha ya Bikira Maria. Mwangalizi huwa mwanamke wa ukoo wa mamake Mwene, na hulala jikoni, nyuma. Jua likichomoza anafungua madirisha sita ili Mwene apate hewa. Jua likizama anayafunga. Anatoka kinyumenyume. Kabla ya Bibi alikuwa shangazi yake. Miaka kumi na tisa sasa. Nilimuuliza kama amewahi kuruka siku, akasema siku ya malaria alitambaa.

Swali la saba. Je, panakaliwa? Nilimsomea. Bibi akasema, "Ndani halali mtu." Nikaandika Hapana.

Swali la nane akakataa. Jina lake lisiwekwe kwenye karatasi ya nyumba ile, wala kidole. Anayeweka jina kwenye nyumba ya Mwene amejirithisha, na yeye harithi, yeye anatunza. Shangazi yake hakuweka, yeye ni nani aweke? Nilimwelewa. Sikumsumbua. Nikapiga mstari.

Chini kabisa nikasaini: O. Mwananjela, Karani.

Jumatatu, 8 Julai

Fomu kumi na moja zimepigwa chapa, nami nimezisaini upya. Bwana Adolfu amezipitia akiwa amesimama. Amesema hajaona fomu safi kama hizi tangu aanze kazi. Sehemu ya Maelezo Mengine nilikuwa nimeandika habari za madirisha na Bibi, mistari mitano. Mpiga chapa ameiruka. Nafasi haikutosha, anasema.

Sikulalamika. Fomu safi!

Jumatano, 10 Julai

Adriano amepata barua. Bahasha ya kaki, imeletwa na mhudumu yuleyule anayeleta chai. Alipanga stempu zake zote kwenye droo kwa ukubwa, akafunga, akamwachia ufunguo Bwana Adolfu, akatoka na mwavuli. Hakuna mvua mwezi huu. Hakuna aliyemsindikiza mpaka getini. Hata mimi. Niliangalia chini nikajifanya natafuta pini.

Majina tisa yamekwisha kutoka, wanasema. Limebaki moja.

Ijumaa, 12 Julai

Leo masjala haina mtu, kwa hiyo mafaili nayapeleka mimi. Nisingeyapeleka mimi nisingejua.

Faili la Chisanza ni jipya. Juu kuna barua: jengo lililotelekezwa, lisilokaliwa, lisilo na mwangalizi, limekubaliwa kutolewa kwa mwekezaji, Bwana Enock, mfanyabiashara wa nafaka, liwe ghala la mahindi ya kuvushwa kwenda Zambia kupitia Kasesya. Kuta za ndani zivunjwe. Madirisha yazibwe. Makabidhiano Ijumaa ijayo.

Kiambatisho A ni fomu yangu.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Swali la saba, Hapana. Swali la nane, mstari. Mstari umenyooka sana.

Nilikwenda msalani. Nikanawa uso. Nikarudisha faili mahali pake, herufi C.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwambia mama. Alikuwa anapembua ulezi uani. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

Akaniuliza kwa nini niliandika hapana. Nikamwambia ndivyo Bibi alivyosema, ndani halali mtu. Mama akasema nyumba ya mwene kutolalwa si ndiyo dalili kwamba ina mwenyewe? Kama wangelala watu ndani, ndipo ungesema imeachwa. Hata mtoto wa Kifipa anajua hilo.

Nami najua. Hapo ndipo ninapoungua. Nilikuwa na miaka sita au saba, tulipita mbele ya nyumba kama hiyo kwenda msibani, mama akanivua kandambili, akanifumba mdomo, akaninong'oneza kuna mtu mle. Sijasahau. Nilikuwa nimesimama palepale Chisanza na kumbukumbu hiyo kichwani, na bado niliandika Hapana, kwa sababu fomu haikuuliza nijuacho. Iliuliza panalalwa au hapalalwi. Nikataka kujibu sawasawa. Nikataka kupasi.

Mama alirudi kwenye ungo wake. Baadaye akasema, kama anauambia ungo, kwamba ada za wadogo zangu zinaanza tena mwezi wa tisa. Hakusema nifanye lipi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Adolfu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kipande cha karatasi na kuyakariri. Niliyasema yote: kwamba kuna mwangalizi, kwamba nyumba inatunzwa kila siku, kwamba kosa ni langu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinuka akafunga mlango, akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Akaniambia yeye pia ana bibi kijijini. Halafu:

"Hii saini ni yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi nisaidie, binti yangu. Kama fomu ni ya kweli, nyumba imeachwa. Kama si ya kweli, nina karani aliyesaini uongo. Nina majina tisa na wananidai la kumi. Wewe unataka nielewe lipi?"

Saa yake ya ukutani ina sauti kubwa. Sikuwahi kuisikia kabla.

Nikasema labda nimechanganya na nyumba nyingine. Akasema ndivyo alivyodhani. Nikasema ahsante. Nilisema ahsante! Nikamaliza chai yote, mpaka majani.

Jumanne, 16 Julai

Hakuna. Nimepanga pini.

Jumatano, 17 Julai

Nimeichukua fomu tupu kutoka kabatini. Nimeijaza upya kwa mkono, kalamu ileile, saa ya chakula, humu ndani. Swali la saba: Ndiyo, kwa desturi. Swali la nane: Epifania, wa Chisanza. Maelezo Mengine: mistari mitano yangu, na mingine minne, mpaka pembeni.

Nimesoma maelekezo yaliyo nyuma ya fomu, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Fomu ya marekebisho inapokelewa kabla ya makabidhiano kusainiwa, ikiwa na alama ya kidole ya mwangalizi. Asipoweza mwangalizi, tamko la mkaguzi wa kwanza kwamba alikosea, lenye saini yake.

Kwa hiyo kidole cha Bibi kingetosha. Mimi nisingehitaji kusema nilikosea. Ingekuwa tu kwamba mwangalizi amejitokeza. Kidole kimoja na nyumba inapona, na mimi napona. Nimechukua kidau cha wino cha Adriano. Wino haujakauka.

Alhamisi, 18 Julai

Bwana Adolfu ameniambia kesho nitaongozana nao Chisanza. Makabidhiano yanataka shahidi kutoka idarani, na anayelifahamu jengo ni mimi. Amesema nivae koti, kule kuna upepo.

Ngeleja amekuja dirishani kuniuliza kwa nini sili siku hizi. Kama ni radi imenirudia, yeye anamjua mganga kule Laela. Nilitaka kucheka. Akaacha utani, akaniangalia, akasema, "Dada Otilia, mimi ni dereva tu. Lakini ile togwa niliinywa." Akaondoka.

Ijumaa, 19 Julai

Naandika ndani ya gari. Wanadhani naandika kumbukumbu za makabidhiano.

Tumefika saa tano. Bwana Enock alitangulia na pikapu, na mafundi wawili wenye futi kamba na nyundo. Si mtu mbaya. Amemwamkia Bibi kwa heshima, amevua kofia. Bibi akawakaribisha wote kama wageni wa Mwene. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Alikuwa amepika togwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, alidhani tumerudi kuona.

Bwana Adolfu akamweleza. Alitumia Kiswahili cha ofisini, halafu Kifipa, halafu akaacha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni nani aliyesema nyumba haina mtu. Bwana Adolfu akatazama faili. Bibi akanitazama mimi.

Nilimfuata jikoni kwake. Kitanda cha kamba, chungu kimoja, ufagio. Nikapiga magoti nikamwonyesha fomu mpya, nikafungua kidau cha wino. Nikamweleza kwamba kidole chake tu kinatosha. Nilieleza haraka mno, nikarudia. Nililia, nadhani. Alinishika mkono, mikono miwili, kama siku ile.

"Mjukuu wangu, mimi siwezi. Nikiweka kidole nimemrithi, na nikishamrithi siwezi tena kumtunza." Halafu akasema, "Lakini wewe huna mwiko huo. Wewe ulininywea togwa, ukaniona nafagia. Weka wewe."

Nilimwambia nikiweka mimi sina kazi. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Hakusema ni kitu kidogo. Hakusema Mungu atanipa nyingine. Akachukua ufagio akausimamisha nyuma ya mlango, akatoka.

Nikarudi kwenye gari. Nikasema nakuja, nachukua kalamu.

Fomu mpya iko hapa, nimeikunja kati ya kurasa za daftari hili. Sehemu ya tamko bado ni nyeupe. Mstari mmoja tu, "mimi niliyetajwa hapo chini nakiri kwamba", na nafasi ya jina. Hati ya makabidhiano iko kwenye boneti la pikapu, wameiwekea jiwe isipeperuke. Bwana Enock ameshasaini. Mwenyekiti wa kijiji ameshasaini, hakunitazama. Imebaki saini ya shahidi.

Ngeleja amekaa kwenye usukani. Amezima redio.

Bibi ameingia ndani. Sasa namwona. Anafunga madirisha. Ni saa sita mchana, jua liko utosini, na anafunga madirisha ya Mwene. La kwanza. La pili. Fundi mmoja amevua kofia, sijui kwa nini. La tatu. Anazunguka upande wa pili, taratibu, mkono ukutani.

La nne.

Bwana Adolfu ananiita kwa jina. Mama, ada, mwezi wa tisa. Jina la kumi. Nimeifungua fomu mpya nimeilaza gotini, kisha nimeikunja, kisha nimeifungua.

La tano.

Bwana Adolfu anakuja mwenyewe. Amefika dirisha la gari, ananyoosha mkono, anatabasamu kama siku ile ya chai. Anasema kalamu yake imekauka, nimpe ya kwangu, nishuke tumalize. Ni hii ninayoandikia